BIMA YA MWENYE MSHAHARA NA BIMA YA MKULIMA

Chama Kikuu kinapotimiza miaka kumi, ni desturi kutazama nyuma na kuhesabu maghala, magari na magunia. Hesabu hizo wasomaji watazipata katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi tumeona vema kusimulia habari ya jambo lisilopimwa kwa mizani, nalo ni bima ya matibabu na haki nyingine ambazo mtu huzipata kwa sababu ya kazi yake. Twataka kueleza jinsi zilivyoanza, jinsi zilivyomfikia mwalimu na karani, na kwa nini zilikawia kumfikia mkulima.

Watazameni watu watatu wa kijiji kimoja. Mwalimu wa shule ya serikali akiugua huchukua kadi yake akaenda hospitali. Karani wa chama, aliyeajiriwa kwa utaratibu wa sheria, hukatwa sehemu ya mshahara wake, na mwajiri wake huongeza sehemu nyingine kwa ajili ya uzee wake. Mkulima ndiye mwenye chama, na ushuru wa mazao yake ndio unaomlipa karani. Lakini yeye akiugua huuza mbuzi, au huuza kahawa ingali maua mtini, biashara ambayo wenzetu wa Kagera huiita butura. Basi mwajiriwa ana kinga na mwajiri hana. Mambo yalifikaje hapo?

Asili yake ni ya mbali. Katika mwaka 1883 serikali ya Ujerumani, chini ya Bismarck, ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi wa viwanda. Mfanyakazi alitoa mafungu mawili ya mchango na mwajiri akatoa fungu moja. Sheria ya ajali za kazini ikafuata mwaka 1884, na ile ya uzee na ulemavu mwaka 1889. Hesabu ya mpango huo ilikuwa nyepesi: mshahara hutoka kwa tarehe inayojulikana, na mchango hukatwa kabla fedha haijafika mkononi. Wepesi huo ndio uliowapa wenye mishahara nafasi ya kutangulia, na ndio uliomwacha nyuma mtu ambaye fedha yake huja mara moja kwa mwaka, mvua ikipenda.

Mfano ulio wazi kuliko yote twaupata Marekani, ambako katika mwaka mmoja tu, 1929, mipango miwili ilizaliwa, mmoja wa walimu na mwingine wa wakulima.

Ule wa walimu ulianza Dallas, katika jimbo la Texas. Bwana Justin Ford Kimball, aliyepata kuwa mkuu wa shule za mji huo, alipewa usimamizi wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Baylor. Alipofungua vitabu vya madeni aliona majina mengi ya walimu anaowajua. Walikuwa waaminifu, ila mshahara wao haukutosha kulipa gharama za hospitali kwa mkupuo. Akapiga hesabu, akawaambia: kila mwalimu atoe senti 50 za dola kwa mwezi, na akilazwa atatunzwa hadi siku 21 bila kudaiwa. Walimu zaidi ya elfu moja walijiunga. Mpango huo ulienea katika miji mingine, ukawa chanzo cha bima kubwa iliyojulikana kwa jina la Blue Cross.

Mpango wa pili ulianza Elk City, mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Oklahoma. Daktari Michael Shadid, mzaliwa wa Lebanoni, alikuwa amechoka kuwaona wakulima wakifika kwake wakiwa wamechelewa kwa kuogopa gharama. Aliwashauri wanunue hisa za dola 50 kila mmoja, wajenge hospitali iliyo mali yao wenyewe, na kila jamaa itoe ada ya mwaka. Chama cha wakulima cha jimbo hilo, Farmers' Union, kiliunga mkono shauri hilo, na hospitali ikafunguliwa mwaka 1931. Ndiyo hospitali ya kwanza ya ushirika nchini Marekani. Madaktari wengine walimpiga vita vikali, hata wakajaribu kumnyang'anya leseni; wakulima wakasimama upande wake, na hospitali ikaendelea kufanya kazi.

Mipango hiyo miwili ilikuwa na nguvu moja: wengi walio wazima humbeba mmoja aliye mgonjwa. Lakini bahati zao hazikulingana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Marekani ilizuia mishahara isipande, kwa sheria ya mwaka 1942, lakini bima na malipo ya uzeeni hayakuhesabiwa kuwa nyongeza ya mshahara. Waajiri, waliokuwa wakigombea wafanyakazi, wakatoa bima badala ya fedha. Mwaka 1954 sheria ya kodi ikathibitisha kwamba mchango wa mwajiri kwa bima hiyo hautozwi kodi. Tangu hapo bima ikafungwa pamoja na ajira kama jembe na mpini wake. Aliyepoteza kazi alipoteza na bima. Na mkulima mdogo, asiye na mwajiri, akabaki kujitafutia mwenyewe.

Hapa kwetu njia ilikuwa ile ile. Mwaka 1964 ilitungwa sheria ya Akiba ya Wafanyakazi, ambayo mwaka 1997 iligeuzwa kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Tukumbuke kwamba akiba na bima ni ndugu, lakini si mtu mmoja. Akiba ni ghala lako mwenyewe: ukiugua mapema, utakuta kilichomo ni kidogo. Bima ni ghala la wote, ambamo aliyeweka debe moja aweza kuchota gunia siku ya msiba, na mwingine akashukuru Mungu kwamba hakuhitaji kuchota. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ukaanza kazi mwaka 2001, ukiwatanguliza watumishi wa serikali, walimu wakiwamo. Mchango uliwekwa kuwa asilimia 6 ya mshahara, nusu kwa mtumishi na nusu kwa mwajiri. Jirani zetu wa Kenya walianzisha mfuko wao wa hospitali mwaka 1966 kwa wenye mishahara, na mwaka 1972 ukafunguliwa kwa wengine wajiunge kwa hiari.

Mkulima wa Tanzania alikumbukwa baada ya mwaka 1993, wagonjwa walipoanza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa katika wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora. Kila kaya ilitoa mchango mdogo kwa mwaka, na serikali ikaongeza kiasi kama hicho, mtindo ulioitwa "tele kwa tele". Sheria ya mfuko huo ilipitishwa mwaka 2001, ukaenea wilayani. Lilikuwa jambo jema, lakini waliojiunga hawakuwa wengi. Katika sehemu nyingi kadi ilikubaliwa katika zahanati na kituo cha afya tu, na mwanachama alipofika aliambiwa dawa zimekwisha. Wengine walingoja waugue ndipo wajiunge. Mfuko unaojazwa na wagonjwa peke yao ni kama mtungi uliotoboka: kila ukitiwa maji hukauka.

Baadaye Mfuko wa Taifa ulianzisha mpango wa Ushirika Afya kwa wakulima walio katika vyama vya ushirika, na mwezi Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa sheria hiyo bima iliacha kuwa haki ya mwajiriwa peke yake. Lakini sheria haikusanyi mchango wa mkulima. Kazi hiyo inahitaji chombo kinachomjua mkulima kwa jina, kinachojua siku anayolipwa, na ambacho yeye mwenyewe aweza kukihoji. Chombo hicho ni chama cha ushirika.

Historia hii, kwa maoni yetu, yatufundisha mambo matatu. La kwanza, mchango utolewe msimu wa malipo, fedha ikiwapo, kama mwalimu anavyokatwa mwisho wa mwezi. La pili, tujiunge chama kizima, wazima na wagonjwa, vijana na wazee, kama walimu wa Dallas. La tatu, makato yakubaliwe na mkutano mkuu, yaandikwe katika stakabadhi ya kila mwanachama, na hesabu zisomwe hadharani. Twajua neno makato halipendezi masikioni mwa wakulima, na wana sababu: wengi wamekatwa fedha wasione zilikokwenda. Imani iliyopotea hairudi kwa hotuba, hurudi kwa hesabu.

Kwa maafisa wa chama twasema hivi: kinga mliyo nayo ni haki yenu, wala hatumwonei mtu kijicho. Lakini yatoka katika gunia la mkulima, na haifai mwenye gunia akose kile ambacho gunia lake limewanunulia wengine. Katika miaka kumi ya kwanza tumejifunza kuuza mazao yetu kwa pamoja. Katika kumi ijayo tujifunze kuugua bila kuuza mbuzi.

Haba na haba hujaza kibaba. Twawatakia wanachama wote afya njema na msimu wenye baraka.