Kinanda Kinakaa Kiti cha Nani?

Wiki mbili baada ya mimi kununua kinanda, bendi yetu ilipoteza mdomo wa bata. Hatukugombana. Ilikuwa mazoezini, mwenzetu wa saksafoni amechelewa kama kawaida maana anatoka mbali, na mimi kwa ushamba wa kitu kipya nikabonyeza namba fulani, yakatoka matarumbeta matatu na saksafoni mbili kwa mpigo. Washikaji wakacheka. Mpiga dramu akasema, "Basi bwana, mzee abaki tu nyumbani." Kugeuka, mzee yuko mlangoni na kasha lake begani. Akaingia, akakaa, akapiga nyimbo zote mpaka mwisho bila kosa hata moja, akafungasha. Wakati wa kutoka akaniambia, "Mdogo wangu, hongera. Chombo kizuri." Jumamosi iliyofuata hakuja.

Tangu hapo vijana wenzangu wananiuliza: tunaanzisha bendi, tununue kinanda gani? Wanataka jina la kampuni na bei. Mimi nawajibu kwa maswali mawili ambayo wananiona nazunguka mbuyu. Kitakaa kiti cha nani? Na kitasikika kwa kutumia nini? Sikuyatunga mwenyewe. Ukifuatilia safari ya chombo hiki kwa miaka karibu tisini, hutakuta bendi iliyokwepa maswali hayo.

Tuanze na mtu wa saa. Laurens Hammond wa Chicago, Marekani, alikuwa na kiwanda cha saa za umeme kabla ya kutoa oganu yake mwaka 1935. Ndani yake mlikuwa na magurudumu madogo ya chuma yanayozungushwa na mota, kila gurudumu na sauti yake. Wateja wake wakubwa walikuwa makanisa yasiyo na uwezo wa kujenga oganu ya mabomba. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza chombo hiki kilinunuliwa badala ya kitu kingine kilichokuwa ghali zaidi.

Hapo kuna jambo ambalo mtu wa Dar ataliona mara moja. Mota ile, kama ya saa, ilifuata mapigo ya umeme wenyewe. Marekani umeme hupiga mara 60 kwa sekunde, kwetu na Uingereza mara 50. Chukua oganu ya Kimarekani bila kuibadilisha, ichomeke huku: sauti yote inashuka karibu nusu-toni tatu, wimbo wa C unatoka kama A. Na ukitumia jenereta ambayo mara inachapa mara inachoka, oganu inapanda na kushuka nayo huku magitaa yamekaa palepale. Fikiria harusi ya namna hiyo.

Oganu hiyo ilipofika klabuni ikaanza kula viti. Jimmy Smith, ambaye rekodi zake za kwanza zilitoka mwaka 1956, alipiga besi kwa mkono wa kushoto na miguu, kwa hiyo watatu tu walitosha: oganu, gitaa, dramu. Mpiga besi hakuhitajika. Miaka kumi baadaye Ray Manzarek wa The Doors alifanya hivyohivyo kwa njia nyingine. Juu ya oganu yake ya Vox Continental aliweka kinanda kidogo cha besi cha Fender Rhodes, chenye vitufe 32, mkono wa kushoto huku, wa kulia kule. Jukwaani hawakuwa na mpiga besi. Lakini studioni, ambako kila kosa linasikika, mara nyingi walimwita. Hilo wanaosifia ujanja wa Manzarek huwa hawalitaji.

Kwa nini Vox Continental? Kwa sababu ya mgongo. Hammond B-3, iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1950, pamoja na kanyagio na benchi lake ilizidi kilo 180. Hiyo si mali ya bendi inayopanda daladala. Vox, ya mwaka 1962, ilikunja miguu ikaingia nyuma ya gari. Sauti yake nyembamba, ya puani, haifikii Hammond hata nusu. Alan Price wa The Animals aliipiga mwaka 1964, na baada ya hapo vijana wa Uingereza na Marekani waliitaka kwa sauti hiyohiyo ya puani. Chombo kilichaguliwa kwa uzito, mapenzi yakaja nyuma.

Sasa swali la kusikika, ambalo ndilo linaloua bendi changa. Don Leslie, Mmarekani mwingine, hakuridhika na sauti kavu ya Hammond, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 akatengeneza spika inayozunguka ndani ya kabati, sauti ikawa inakuja na kuondoka kama honi ya gari linalokupita barabarani. Tamu kweli. Ila Leslie iliyopendwa sana ilikuwa na wati 40 tu. Mwaka 1962 Jim Marshall, mwalimu wa dramu mwenye duka Hanwell, magharibi mwa London, akaanza kutengeneza amplifaya za gitaa kwa kufuata mfano wa Fender Bassman, na kufikia 1965 alikuwa anawatengenezea The Who za wati 100. Mpiga kinanda akabaki anaonekana tu, anatikisa kichwa, vidole vinakimbia, sauti hakuna.

Jon Lord wa Deep Purple alikataa kuwa pambo. Aliichomeka Hammond yake kwenye Marshall, amplifaya ya gitaa, ikaanza kukwaruza na kunguruma mpaka ikawa kama gitaa la pili. Ilifaa kwa sababu alitaka ikwaruze. Mimi nilisoma habari hiyo nikiwa mjinga, nikaenda kuchomeka kinanda changu kwenye amplifaya ya mpiga solo wetu. Nilipobonyeza besi kwa mkono wa kushoto, spika ikachanika kwenye wimbo wa pili, na fidia ikatoka mfukoni mwangu. Spika ya gitaa imetengenezwa kwa ajili ya gitaa: sauti za juu sana inazikata, za chini sana inazitapika. Kitufe cha chini kabisa cha piano hutetemesha hewa mara 27.5 kwa sekunde, cha juu kabisa zaidi ya mara 4,000, na juu ya hapo bado kuna ung'avu wa sauti wenyewe. Kinanda kinahitaji spika inayobeba yote hayo, kama zile za kupazia sauti za waimbaji.

Na msidanganywe na wati. Ukitoka wati 50 kwenda 100, sauti inaongezeka desibeli 3 tu, tofauti ambayo mlevi wa meza ya nyuma haisikii. Ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili unahitaji karibu mara kumi ya nguvu. Kwa hiyo ukiwa na fedha ya kitu kimoja, nunua spika nzuri na kinanda cha mkono wa pili. Kinanda cha bei mbaya kwenye spika mbovu ni kinanda kibovu.

Kuhusu vile vidubwasha vya kupamba sauti, sitasema mengi. Roland walitoa mashine ya mwangwi ya utepe, RE-201, mwaka 1974, na mwaka uliofuata amplifaya ya JC-120, ambayo ndani yake sauti moja inasikika kama mbili zinazotetereka kidogo. Wapiga kinanda waliipenda hiyo kama wapiga gitaa. Lakini kumbi zetu nyingi ni bati na saruji, zina mwangwi wake bure kabisa. Ukiongeza wa kwako juu yake, maneno ya mwimbaji yanakuwa uji.

Narudi kwenye viti. Minimoog ya mwaka 1970 ilitoa noti moja tu kwa wakati. Ungeweza kumtisha mpiga besi, si kundi zima. Prophet-5 ya mwaka 1978 ilitoa tano. Yamaha DX7 ya mwaka 1983 ilitoa kumi na sita, kwa hesabu alizogundua John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford, na ilikuja na sauti 32 tayari ndani yake, za shaba, za nyuzi, za kengele, mtu mmoja akaibeba kwapani. Wanamuziki waliiona hatari mapema. Mwaka 1982 tawi la London ya Kati la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilipitisha hoja ya kutaka sinthesaiza na mashine za dramu zipigwe marufuku. Chama kizima hakikukubali iwe sera. Watu waliwacheka wale wazee wa tawi, na mpaka leo wanachekwa. Nami nilikuwa nawacheka, mpaka Jumamosi ile.

Kwetu habari hii ina sura yake, kwa sababu kwetu mpiga muziki kwa kawaida hakuwa na chombo. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na jina likabadilika kila chama kilipobadilika: JUWATA, OTTU, mpaka Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, halafu mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Hugo Kisima alikuwa na vyombo, na mwaka 1985 Muhiddin Maalim Gurumo na Abel Balthazar wakahama Mlimani kwenda kwake Safari Sound. Katika hali hiyo mpiga kinanda hakuchagua kinanda, alikikuta. Na kukipata kwenyewe kulikuwa shughuli mpaka mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Mwaka 1987 Vijana Jazz ya Hemedi Maneti iliingiza vinanda na dramu za umeme. Miaka ya tisini ilipoisha, Twanga Pepeta walikuwa wanajaza kumbi kwa magitaa, kinanda na waimbaji wengi, bila mdomo wa bata hata mmoja.

Ukisikia hivyo unasema: basi, kinanda kiliua matarumbeta. Nilisema hivyo mimi pia, halafu nikakwama kwa Zaïko Langa Langa. Vijana wale wa Kinshasa walianza mwishoni mwa 1969 bila matarumbeta, na bila kinanda. Viti vya shaba waliviondoa wenyewe, wakawapa magitaa na dramu nafasi, na muziki wao ukaenea mpaka huku. Kiti kilikuwa wazi miaka mingi kabla kinanda hakijaja kukikalia. Kilichowaondoa wapiga shaba ni hesabu ya mgao kwa kichwa, pamoja na mtindo. Kinanda kilirahisisha tu.

Kwenye taarabu kiti kilichopotea ni cha aina nyingine. Ikhwani Safaa wa Zanzibar, tangu 1905, na Culture wana ganuni, udi, fidla, vyombo vinavyoweza kukaa kati ya noti mbili za piano, pale ambapo makamu kama rasti na bayati zinapata utamu wake. Kinanda cha kawaida kina noti kumi na mbili, hamna katikati. Miaka ya 1990 East African Melody, TOT na Muungano walipopeleka rusha roho mbele kwa vinanda na magitaa, watu walicheza na kutunza mpaka asubuhi, na sitamtukana aliyefurahi. Ila mwenye nia ya kupiga taarabu na aangalie kwanza kama kinanda anachonunua kinaweza kushusha noti nusu ya nusu. Vipo vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu, vina vibonyezo vya kazi hiyo.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mzee wa saksafoni. Nilimkuta anasafisha chombo kwa kitambaa, maana yake bado anakipiga. Nikamwomba radhi. Akasema hakuna neno, halafu akaniuliza, "Yale matarumbeta yako yanavuta pumzi saa ngapi?" Sikuelewa. Akanipigia kipande kifupi cha wimbo wetu, akasimama, akavuta hewa, akaendelea. Pale aliposimama nikasikia nafasi ambayo gitaa la solo siku zote huwa linaingia, na ambayo mimi, kwa vidole visivyohitaji hewa, nilikuwa nimeiziba.

Jumamosi alikuja. Nilikipeleka kinanda upande wa kushoto wa jukwaa, sauti ya oganu tu, mkono mmoja, na nikainua mkono kila alipoinua kichwa. Malipo ya usiku ule tuligawana watu sita tena badala ya watano. Mpiga dramu alihesabu zake mara mbili, akanitazama, hakusema kitu. Harusi ijayo ni tarehe 14, na amesema kabla ya hapo lazima tukae kikao.