Mahakama imegawa mafao yako baada ya talaka? Una siku 45 za kukata rufaa

Chukua mfano wa mwalimu wa Kasulu aliyekatwa michango ya PSSSF kwa miaka 20. Ndoa imevunjika, hakimu kaamuru mafao yagawanywe. Mwalimu anasema hela ni jasho lake. Mwenzake, aliyelea watoto na kulima maharage, anasema bila yeye nyumba isingesimama.

Nani ana haki? Hapa kuna mambo ya kujua kabla hujapinga hukumu.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizopatikana ndani ya ndoa kwa juhudi za pamoja. Hakimu anaangalia mchango wa kila mmoja (fedha, mali au kazi), madeni ya pamoja, mahitaji ya watoto na mila za jamii.

Na kazi za nyumbani ni mchango. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Kwa hiyo hoja ya "kadi ina jina langu" peke yake haitoshi.

Hoja zenye uzito

• Michango ya kabla ya ndoa. Kama ulianza kazi 2005 na ukaoa 2012, miaka 7 ya mwanzo haikuwa ya juhudi za pamoja.

• Hela bado iko kwenye mfuko. Mkupuo uliokwisha kuingia benki si sawa na mafao ambayo hujayafikia. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60. Huwezi kutoa leo ambacho hujalipwa.

• Mgao haukufuata ushahidi. Kiwango cha mchango wa kila mmoja lazima kithibitishwe. Kama hakimu ametaja asilimia bila kueleza sababu, hiyo ni hoja ya rufaa.

• Baraza la usuluhishi lilirukwa. Kwa kawaida shauri la talaka huanzia huko, kisha hati ya baraza inapelekwa mahakamani. Shauri lililofunguliwa bila hati linaweza kufutwa lote. Lakini fahamu: likifutwa, mnaanza upya.

Hatua za kuchukua

1. Omba haraka nakala ya hukumu na ya mwenendo wa shauri.

2. Pata taarifa ya michango yako. Wa PSSSF, kama walimu na wauguzi, wanaweza kutumia programu ya PSSSF Kiganjani. Wa NSSF, wakiwemo walioajiriwa na mashirika kwenye kambi ya Nyarugusu, waiombe kwenye mfuko wao.

3. Kata rufaa ndani ya siku 45 tangu uamuzi. Kutoka Mahakama ya Mwanzo unakwenda Mahakama ya Wilaya, Kasulu au Kibondo. Kutoka Wilaya unakwenda Mahakama Kuu, Kigoma. Ukichelewa, itabidi kwanza uombe kuongezewa muda, tena kwa sababu za msingi.

4. Omba zuio la utekelezaji. Wengi wanakosea hapa: rufaa peke yake haisimamishi amri. Bila zuio, mwenzako anaweza kuendelea kudai mgao wake.

Kama wewe ndiye uliyepewa mgao

Usikae kimya rufaa ikifunguliwa. Nenda ukajibu. Mahakama ya rufaa inaangalia zaidi ushahidi uliokwisha kutolewa, na kuongeza mpya ni kazi ngumu. Ndiyo maana risiti za ada, mauzo ya mazao na mashahidi wa kijijini vinatakiwa mapema, shauri likiwa bado mahakama ya chini.

Huna hela ya wakili?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo. Anzia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, uulize walipo. Nenda na hukumu mkononi, na usisubiri wiki ya mwisho.