Kujichukulia sheria mkononi

Kujichukulia sheria mkononi ni kitendo cha watu wasio na mamlaka ya kisheria kumkamata, kumhukumu na kumwadhibu palepale mtu wanayemtuhumu kwa kosa, mara nyingi wizi mdogo: simu, pochi, kuku, betri ya pikipiki. Adhabu huwa kipigo cha mawe na marungu, na pengine humalizikia kwenye tairi, petroli na kiberiti. Tanzania, Kenya na Uganda jambo hili limezoeleka kiasi cha kupata msamiati wake. Magazeti ya Tanzania huandika kwamba kibaka ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Sentensi hiyo inatoa hukumu mbili kwa mpigo: aliyekufa keshathibitika kuwa kibaka, na waliomuua hawana majina, wana hasira tu.

Tukio huanza kwa sauti moja: "Mwizi!" Sokoni au kwenye stendi ya daladala mtu anakimbia, wengine wanamkimbiza. Anayekimbia ndiye anayeonekana mwizi, ingawa hata asiye na kosa hutimua mbio akiona watu hamsini wanamjia. Akianguka, duara linafunga. Aliyeibiwa mara nyingi hayumo katika duara hilo. Kabaki nyuma na kapu lake la nyanya, wala hajaulizwa kama waliyemkamata ndiye. Anayefika mwisho huuliza, "Kafanya nini?" na kabla hajajibiwa keshainua mguu. Kinachohukumiwa pale ni yowe.

Na yowe hukosea. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino mkoani Dodoma, wafanyakazi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na gari lao likachomwa moto. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Ukazuka uvumi kwamba ni mumiani, wanyonya damu. Agosti 2021, katika kaunti ya Kajiado nchini Kenya, vijana wanne waliuawa kwa kudhaniwa wezi wa ng'ombe. Huko Aluu, Nigeria, Oktoba 2012, wanafunzi wanne waliuawa kwa tuhuma za kuiba simu na kompyuta. Mwaka 2017 mahakama iliwahukumu kifo watu watatu kwa mauaji hayo, mmoja wao askari polisi.

Hata hivyo hoja isiegemee waliosingiziwa peke yao. Tuseme kaiba kweli, na simu imekutwa mfukoni mwake. Sheria ya Tanzania inaweka kifungo kisichozidi miaka 7 kwa wizi wa kawaida, na ya Kenya miaka 3. Umati unaomchoma moto unatoa adhabu ambayo hakuna hakimu wa nchi hizo mbili anayeweza kuitoa kwa kosa hilo. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika, na Ibara ya 14 inalinda haki ya kuishi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema hayo hayo katika Ibara za 50 na 26.

Wapo wanaodhani dini ni kali kuliko sheria za serikali, na kwamba umati unatekeleza tu ukali huo. Wakazitazame upya. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinamwondolea hatia ya damu anayemuua mwizi aliyevunja nyumba usiku, lakini jua likishachomoza muuaji ana hatia. Tofauti iliyowekwa hapo ni kati ya kujihami gizani na kuua kwa kisasi mchana kweupe. Katika fiqhi, adhabu ya kukata mkono haitolewi mtaani. Inataka kadhi, mashahidi wawili au mtu akiri mwenyewe, mali iliyofikia kiwango maalumu na iliyokuwa imehifadhiwa. Khalifa Umar aliisimamisha mwaka wa njaa. Hata methali ya siku za mwizi ni arobaini, inayotajwa sana penye kipigo kana kwamba ni kibali, inasema tu kwamba mwizi atakamatwa. Haisemi afanywe nini akishakamatwa.

Lakini uchungu unaowasha moto huo ni wa kweli, na anayeupuuza hataeleweka mitaani. Mama lishe akiibiwa simu kaibiwa na mtaji, maana pesa yake imo humo. Akifika kituoni huenda akaambiwa gari halina mafuta. Mtuhumiwa akikamatwa, siku mbili baadaye anaonekana kijiweni, na mtaa mzima unaamini polisi wamekula rushwa. Pengine ni kweli. Pengine ni dhamana tu, ambayo kwa kosa la wizi ni haki ya mtuhumiwa, lakini hakuna aliyewahi kumweleza mama huyo. Kisha kesi inaahirishwa, tena na tena. Kila safari ya mahakamani ni siku moja bila kuuza. Mwisho anaacha kwenda, shahidi hayupo, kesi inafutwa. Umati huzaliwa katika safari hizo.

Jamii za kwetu zimewahi kujaribu njia ya katikati. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi Usukumani na Unyamwezini baada ya vita vya Kagera, wanakijiji waliunda vikundi vya ulinzi vya sungusungu. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Sungusungu walikuwa na viongozi wanaojulikana, walikaa baraza, na adhabu zao kuu zilikuwa faini na kutengwa. Hawakuwa malaika: watu waliteswa, na wengine waliuawa. Lakini mtuhumiwa aliyefikishwa barazani aliulizwa jambo kabla ya kuadhibiwa, na aliyeonewa alijua ni nani wa kumshtaki. Kwenye umati hakuna hata moja kati ya hayo mawili.

Kutojulikana huko ndiko kunakowapa watu ujasiri, japo sheria haikubaliani nako. Kwa kanuni ya nia ya pamoja, iliyomo katika sheria za jinai za Tanzania na Kenya, aliyerusha jiwe moja, aliyeleta petroli na aliyezuia mtu asitoke wanaweza wote kushtakiwa kwa mauaji. Kesi ni chache kwa sababu mashahidi ni majirani, na majirani hunyamaza.

Sheria hizo hizo zinamruhusu raia wa kawaida kumkamata anayetenda kosa la wizi mbele ya macho yake, mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kupiga yowe si kosa, kumkimbiza mwizi si kosa, kumshika si kosa. Msomaji, ukikuta duara limeshafunga, uliza kwa sauti inayosikika: nani kaibiwa, na kaibiwa nini? Mtafuteni huyo kwanza, aletwe mbele.