Bongo Fleva, mnanda, singeli: Majina ya muziki yalikotoka

KANDO ya Barabara ya Morogoro, karibu na Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilichozinduliwa Februari 2021 huko Mbezi Luis, dereva anayetaka nyimbo za safari humkabidhi kijana wa kompyuta flashi yake na kutaja majina machache tu: Bongo Fleva, taarab, zilipendwa, injili, singeli. Kazi humalizika kwa dakika chache, kwa kuwa nyimbo zimekwisha kupangwa kwenye mafolda kwa majina hayo hayo, na wote wawili huelewana bila maswali.

Hata hivyo, majina hayo hayapimi kitu kimoja. Bongo Fleva hutaja mahali. Zilipendwa hutaja wakati, injili hutaja ujumbe, na dansi hutaja kile ambacho msikilizaji anatarajiwa kufanya akiusikia muziki. Ndiyo maana wimbo mmoja unaweza kuingia katika mafolda matatu bila mtu kukosea, na ndiyo maana ubishi wa vijiweni kuhusu nani anaimba nini haumaliziki.

Mkanganyiko huo ni wa zamani kuliko redio za FM. Bendi zilizotamba baada ya Uhuru ziliitwa Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz. Lakini anayetafuta ndani yake jazz ya Wamarekani weusi wa New Orleans hataikuta. Neno hilo lilimaanisha bendi ya kisasa yenye magitaa na tarumbeta, na muziki wenyewe uliegemea zaidi rumba ya Cuba iliyopitia Kongo, ukachanganywa na ngoma za nyumbani. Muziki huo ndio ulioitwa dansi, kuutenga na ngoma ya jadi inayochezwa uwanjani.

Ndani ya dansi kulikuwa na daraja jingine la majina, nalo ni mtindo. Kila bendi ilikuwa na wake, kama klabu ya mpira ilivyo na jezi. Western Jazz walikuwa na Saboso. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilikuwa na Msondo. Chama kilipobadilika bendi ikawa Juwata, kisha OTTU, na mwishowe jina la mtindo likameza jina la bendi, ikabaki Msondo Ngoma. Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ilichukua Sikinde. Muhidini Gurumo alipohamia Orchestra Safari Sound mwaka 1985, alikokwenda kukazuka Ndekule. Mtindo haukuwa aina ya muziki kwa maana ya vitabuni, kwa sababu sikio geni lingeona tofauti ndogo mno baina ya Sikinde na Msondo. Kwa mashabiki, tofauti hiyo ilitosha kununiana. Desturi hiyo iliendelea hata miaka ya 2000, African Stars walipojulikana zaidi kwa jina la Twanga Pepeta, na FM Academia kwa Ngwasuma.

Taarab nayo ina jina moja lililobeba vitu viwili au vitatu. Neno lenyewe ni la Kiarabu, lenye maana ya kuguswa na kufurahishwa na muziki. Zanzibar ndiyo iliyoukuza, na klabu ya Nadi Ikhwan Safaa ya mwaka 1905 ingali ikitajwa kama mlezi wa ile iitwayo taarab asilia: watu wameketi, fidla na ganuni zinasikika, na tungo zimefumbwa kiasi kwamba mlengwa peke yake ndiye anayejua amesemwa. Katika miaka ya 1990 ushindani wa Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre jijini Dar es Salaam uliigeuza sura. Fumbo likafumbuliwa, kinanda cha umeme kikachukua nafasi ya ala nyingi, watu wakainuka vitini, na ikaja mipasho na rusha roho. Jahazi Modern Taarab na wenzao waliongeza neno moja la Kiingereza kwenye jina wakaendelea na safari. Wazee wa Unguja walilalamika kwamba hiyo si taarab. Kwa upande wa ala na ustaarabu wa kuketi walikuwa na haki. Kwa upande wa kusemana kwa nyimbo, mipasho ni mtoto halali wa nyumba hiyo.

Bongo Fleva lina historia fupi zaidi. Bongo ni jina la utani la Dar es Salaam, na baadaye la Tanzania nzima, lililotokana na ubongo: mji wa watu wanaoishi kwa akili. Vijana walianza kurap kwa Kiswahili kabla ya jina hilo kuwapo. Saleh Jabir alikwisha kuvuma mwaka 1991, na Kwanza Unit walifuata. Sheria ya mwaka 1993 iliporuhusu vituo binafsi vya utangazaji, Radio One ikaanza mwaka 1994, watangazaji wakajikuta na nyimbo za nyumbani zikipigwa kipindi kimoja na R&B na rap za Marekani. Ilibidi zitofautishwe. Anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kutamka Bongo Fleva hewani ni Mike Mhagama wa kituo hicho, mwaka 1996.

Kwa hiyo jina hilo lilizaliwa kama alama ya mpaka, si kama maelezo ya mapigo. Ndani yake ziliingia rap, R&B, ragga, zouk ya Antili na chakacha ya pwani. Mr Nice alipoona halimtoshi, alibuni lake, Takeu, kwa kuunganisha herufi za Tanzania, Kenya na Uganda. Wazanzibari nao wakajiita Zenji Fleva. Kadiri waimbaji wa mapenzi walivyozidi, baadhi ya wana hip hop walianza kulikataa jina ambalo wao ndio waliolijengea nyumba. Magazeti yalipendelea 'muziki wa kizazi kipya', jina ambalo muda umelifanyia dhihaka: Mr II, aliyevuma katika miaka ya 1990, aliingia bungeni kama mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na Profesa Jay wa albamu ya mwaka 2001, Machozi, Jasho na Damu, akawa mbunge wa Mikumi mwaka 2015.

Majirani wa Kenya wanalifahamu tatizo hilo. Miaka ya 2000 walibishana kuhusu genge na kapuka, majina yaliyofuata studio kuliko mapigo, na kuanzia mwaka 2018 likaja gengetone.

Lakini muziki uliolipia jina lake kwa gharama kubwa ni mchiriku, uitwao pia mnanda. Ulitokana na ngoma za Wazaramo zilizokutana na kinanda kidogo cha Casio na vipaza sauti vya pembe katika mitaa ya Kinondoni na Temeke. Ulipigwa harusini na kwenye mikesha, ukauzwa kwa kanda, na redio zikaupa nafasi finyu kwa sababu kuutaja mchiriku kulikuwa sawa na kutaja uhuni. Jagwa Music, walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipiga kwa miongo miwili kabla albamu yao Bongo Hotheads haijatolewa mwaka 2012 na kampuni ya Ubelgiji.

Singeli, iliyokulia Manzese, Tandale na Mburahati, ilirithi mikesha hiyo ya vigodoro pamoja na sifa yake mbaya. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika, na mara nyingi msingi wake ni kipande cha taarab kilichokatwa na kukimbizwa. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na matamasha ya Ulaya yakaupokea kama muziki wa kielektroniki wa mbele kabisa. Sauti ile ile, folda tofauti.

Kuwekwa katika folda kuna thamani ya fedha. Tuzo za muziki za Tanzania, zilizoanza mwaka 1999 na kusimama baada ya mwaka 2015, hugawa zawadi kwa vipengele, na msanii asiye na kipengele hana pa kupigiwa kura. Ziliporejeshwa na Baraza la Sanaa la Taifa mwaka 2022, wasanii wa singeli walikuwa na kipengele chao. Mchiriku, mzazi wake, haukuwa na jina katika orodha, na hata kwa kijana wa flashi wa Mbezi Luis anayeutaka sharti aeleze kwa maneno mengi kabla ya kueleweka.