Tarishi wa Milima ya Theluji

Ewe msomaji, utiapo barua katika sanduku la posta pale Nyeri, theluji ya Mlima Kenya waiona kwa mbali kileleni, wala haijapata kuifunga njia ya barua yako. Sasa wafikirie watu waliohamia mashariki ya Sierra Nevada, safu ya milima iliyo magharibi ya Marekani, katika miaka ya 1850. Kila majira ya baridi theluji ilirundikana njiani hata kupita kimo cha mtu. Nyumbu walishindwa kuvuka, na barua za upande wa California zililala huko kwa miezi.

Mwaka 1856 mkulima mmoja, John A. Thompson, alikubali kuzichukua. Alizaliwa Norway mwaka 1827, akapelekwa Marekani angali mtoto wa miaka 10. Huko kwao watu huenda juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni. Basi akachonga zake, kila moja urefu wa futi 10, akatwaa ufito mmoja wa kujisawazishia, akajitwika mfuko wa barua. Wenyeji waliokuwa hawajaona mbao za namna ile waliziita viatu vya theluji, na mwenyewe wakamwita Snowshoe Thompson. Toka Placerville hata Genoa ni maili 90, karibu sawa na toka Nairobi hata Nyeri. Alikwenda kwa siku tatu, akarudi kwa siku mbili.

Mfuko huo ulikuwa na uzito wa ratli 60, pengine 100. Kwa hiyo hakuchukua blanketi wala bunduki. Chakula chake kilikuwa nyama kavu na biskuti ngumu. Usiku alitia moto kisiki kikavu cha msonobari, akalala juu ya matawi, miguu ikielekea motoni. Tufani ilipomzidi nguvu, alipanda juu ya jabali tambarare akacheza ngoma za kwao, maana aliyesinzia katika baridi ile hakuamka tena. Safari moja alimkuta mtu kibandani, miguu imeganda. Alikwenda Genoa kuleta watu wa kumbeba. Na tabibu aliposema kwamba miguu haina budi kukatwa, na dawa ya usingizi hana, Thompson alivuka milima tena kwenda kuitafuta California.

Habari hizi husimuliwa sana kwa ajili ya ushujaa wake. Kwa maoni yangu hiyo ni nusu tu ya habari, kwani nusu ya pili ni mshahara. Tarishi huyu alitumika karibu miaka 20, na serikali haikumlipa ujira aliostahili. Barua zilipofika, kila mtu alifurahi. Nani aliuliza kama mchukuzi amelipwa?

Katika miaka ya 1870 alifunga safari kwenda Washington kudai dola 6,000. Njiani, katika nchi ya Wyoming, gari-moshi lilikwama katika theluji. Abiria wengi wakakaa ndani kungoja njia isafishwe. Thompson alishuka, akaendelea kwa miguu.

Huko Washington hakupata alichokidai. Alirudi shambani kwake, akafa mwezi wa Mei, 1876. Kaburi lake liko Genoa, na juu ya jiwe lake zimechongwa mbao mbili zilizopishana.