Boti za Disneyland na chimbuko lake Afrika Mashariki

MKAZI wa Rombo, Kaunti ya Kajiado, hahitaji kukata tiketi ili amwone ndovu. Mara nyingi ndovu humfuata shambani mwake kutoka mbuga ya Tsavo Magharibi. Nchini Marekani, hata hivyo, watu wamekuwa wakipanga foleni tangu 1955 ili wapande boti na kuwatazama wanyama wa mashine katika mto bandia.

Burudani hiyo, iitwayo Jungle Cruise, ilifunguliwa pamoja na bustani ya Disneyland mjini Anaheim, California, Julai 17, 1955. Siku hiyo pia ilizinduliwa Mark Twain, meli ya mvuke iliyoundwa kwa mfano wa vyombo vya mto Mississippi. Jungle Cruise, kwa upande wake, ina asili katika maji ya eneo letu.

Mbunifu wake, Harper Goff, alivutiwa na filamu ya The African Queen ya 1951, ambayo mwelekezi John Huston aliipiga Uganda na Congo. Boti iliyotumiwa katika filamu hiyo iliundwa Uingereza mwaka 1912, ikahudumu katika Ziwa Albert na mto Nile kwa miaka mingi. Hatimaye ilipelekwa Marekani, na sasa iko Key Largo, Florida, ambako hubeba watalii.

Walt Disney alitaka wanyama hai katika mto wake. Alishauriwa kwamba wangelala mchana au kujificha, ndipo wa mashine wakaundwa. Boti nazo hufuata reli iliyofichwa chini ya maji, hivyo nahodha hana haja ya kuzielekeza. Kazi yake kubwa ni kuzungumza. Mwanzoni alisimulia kwa uzito kama mwalimu. Mzaha ulishika nafasi katika miaka ya 1960, Marc Davis alipoongeza ndovu waogao na vituko vingine.

Miongoni mwa majina ya boti hizo ni Congo Queen, Nile Princess na Zambezi Miss. Mito ilipewa heshima ya majina, lakini watu wa mito hiyo walionyeshwa kama washenzi wenye mikuki, na mmoja wao akawa mchuuzi wa vichwa vya binadamu. Picha hiyo ya Mwafrika ilidumu kwa miongo kadhaa mbele ya watoto wa mataifa mengi. Kampuni ilitangaza mabadiliko Januari 2021, na kufikia Julai mwaka huo sanamu hizo zilikuwa zimeondolewa Anaheim.

Anayetaka kuona asili ya mchezo huo anaweza kufika Paraa, Uganda. Kutoka hapo boti hupanda mto Nile hadi karibu na Maporomoko ya Murchison, zikipita viboko na mamba walio hai. Huko hakuna reli chini ya maji, na nahodha hushika usukani.