Herufi U katika orodha ya nyota: Kiswahili kilivyopaa angani kutoka Ngomeni

Wanaastronomia wana majina makavu. Mathalani, kuna nyota waiitayo 4U 1700-37. Nne ni toleo la nne la orodha iliyochapishwa mwaka 1978, yenye vyanzo 339 vya eksirei. Na hiyo U? Ni neno letu, Uhuru.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya kujitawala, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini Ngomeni, karibu na Malindi. Kwenye makaratasi iliitwa SAS-1. Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi, aliibandika jina Uhuru kwa heshima ya wenyeji. (Pwani yetu haikuchaguliwa kwa ukarimu pekee: karibu na ikweta, mzunguko wa dunia huisukuma roketi bure.)

Eksirei za angani hazifiki ardhini, hewa huzimeza. Riccardo Giacconi na wenzake walipogundua Sco X-1 mwaka 1962, roketi yao ilikuwa na dakika chache tu za kutazama. Uhuru ilitazama kwa zaidi ya miaka miwili. Ndiyo iliyoonyesha kwamba Cen X-3 hupiga kama saa, kila sekunde 4.8.

Lakini kifaa chake kilikuwa chumba cha gesi, basi. Eksirei ikiingia inang'oa elektroni, nazo zinahesabiwa. Idadi ya miale uliipata. Nguvu ya kila mmoja ulikadiria tu. Ni kama kusikia arusi ya mtaa wa pili: ngoma unaisikia, maneno ya wimbo huyapati. Na maneno ndiyo yanayosema kuna chuma kiasi gani huko, na gesi inakwenda kasi gani.

Dawa yake ilikuwa kupima joto. Chombo kikipozwa mno, eksirei moja tu hukipasha, na joto hilo hutaja nguvu yake. Wajapani walihangaika: roketi ya Astro-E ilifeli mwaka 2000, Suzaku ikapoteza heliamu yake mwaka 2005, Hitomi ikasambaratika mwaka 2016 baada ya majuma machache. XRISM, ya 2023, ndiyo iliyodumu. Inafanya kazi kwenye digrii 0.05 juu ya sufuri halisi, na kati ya elektronivolti 6,000 haikosei hata 10.

Kizazi kijacho ni vihisi vya kwanta. Metali nyembamba hupozwa hadi pale umeme unapokaribia kupita bila kizuizi chochote. Eksirei ikiigusa, kizuizi kinaruka ghafla, na kifaa kingine cha kwanta kinasoma badiliko hilo.

Nimesema "metali iliyopozwa hadi pale" kwa sababu sina neno moja la kuiita. Hapo ndipo ninapokereka. Tulitoa jina la setilaiti, ila fizikia yenyewe mtoto wa Malindi huisoma kwa Kiingereza. Nami napendekeza "metali ya ukingoni", kwani hukaa ukingoni mwa hali mbili. Mwenye neno bora alilete kabla ya NewAthena ya Ulaya, itakayobeba vihisi hivyo, kuruka mwishoni mwa miaka ya 2030.